Giaboksi Iliyokataa Kwenda Mbele

Jumatatu, 6 Novemba

Gari limeanza tena. Nimetoka asubuhi kwenda kununua mkate hapa hapa Tafo. Nimeweka D, gia ya kwenda mbele, nimekanyaga mafuta, injini imenguruma, gari limesimama palepale. Nikahesabu hadi nne. Ndipo likaruka mbele kwa kishindo, nusura niingie kwenye meza ya mama muuza machungwa. Amesema nikitaka machungwa niombe tu kama watu wengine.

Sababu ninaijua. Umri. Gari lina miaka ishirini na miwili na giaboksi ni ileile lililozaliwa nayo. Otomatiki. Mtaa huu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumiliki otomatiki. Watu walikuwa wanakuja kutazama mguu wangu wa kushoto ukipumzika.

Sijamwambia mke wangu Boatemaa. Wala Nyarkoa, binti yetu, aliyekuja kwetu kujifungua kwa kuwa mumewe yuko baharini kwenye mitambo ya mafuta hadi Krismasi. Zimebaki wiki mbili. Mwaka juzi Nyarkoa alipoteza mimba. Siku ile tulisubiri teksi saa nzima barabarani, yeye amekaa juu ya tofali, mimi nimesimama kama mti. Gari langu lilikuwa gereji. Nilimwahidi kwamba safari nyingine hatasubiri gari la mtu. Naikumbuka ahadi hiyo kila nikiweka D na kuhesabu hadi nne.

Zaidi ya wote sijamwambia shemeji Adomako, kaka wa Boatemaa. Ana pikapu ya gia za mkono. Kila akija huuliza kama gari langu bado linafikiri kwa niaba yangu. Anasema mimi ni abiria aliyepewa usukani ashike. Niliwahi kumjibu kwamba mkono wangu wa kulia una kazi nyingine. Akauliza kazi gani. Nikamkaribisha mezani kula fufu.

Jumanne, 7 Novemba

Mpango umepatikana. Sikufundisha jiografia miaka thelathini na mmoja bure. Gia inateleza pale tu gari linapotakiwa kuvuta. Kwenye mteremko halivuti. Kwa hiyo nitaendesha kwenye miteremko tu.

Nimechora ramani. Nyumbani hadi hospitali: mteremko, mteremko, tambarare fupi, mteremko, halafu kilima kimoja kidogo karibu na shule ya wasichana. Hicho nitakipanda kwa kasi ya mteremko uliotangulia. Nimeandika pembeni mahali pa kuanza kukanyaga.

Majaribio yamefanyika saa nne asubuhi. Miteremko yote mitatu imekwenda vizuri sana. Kilima kimenishinda katikati. Nyuma yangu kulikuwa na lori la ndizi, dereva ameweka mkono kwenye honi na kuusahau. Wanawake watatu waliokuwa wakipanda na mabeseni kichwani wameyaweka chini na kunisukuma hadi juu. Mmoja ameiona ramani kwenye kiti, ameuliza kama nimepotea. Nimesema ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi.

Sikuwa nimefikiria safari ya kurudi, ambayo ni vilima vitatu. Nimezunguka kupitia Krofrom. Boatemaa ameuliza nilikuwa wapi masaa mawili. Nimesema nilikuwa nafanya utafiti.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimekwenda Suame kwa mafundi, kwa Fundi Dufie. Mama wa miaka kama hamsini, amerithi kazi kwa baba yake, hagusi kitu kingine chochote kwenye gari ila giaboksi. Watu wanamletea kutoka mbali kama Tamale. Nimemwambia nauliza kwa niaba ya rafiki.

Ameuliza gari la rafiki linafanya nini. Nimeeleza. Ameuliza rafiki alibadilisha lini oili ya giaboksi. Nimesema rafiki hakujua kwamba oili hiyo inabadilishwa. Amenitazama muda mrefu huku anafuta mikono.

"Mwambie alete gari kabla halijamwacha njiani," amesema. "Na asitie kitu humo ndani. Sijui unanielewa, mzee. Asitie kitu chochote."

Nimeahidi kufikisha ujumbe. Gari sikuliacha. Anahitaji siku tatu, na gari likikosekana uani siku tatu Boatemaa atauliza, na Boatemaa akiuliza Adomako atajua.

Wakati natoka, kijana mwenye meza ya chupa ameniita, amesema mzee, hiyo giaboksi inateleza. Nimemuuliza amejuaje. Amesema aliisikia nilipokuwa naingia. Ana dawa. Chupa nyekundu, imeandikwa kwamba inarudisha ujana wa gia ndani ya dakika kumi. Nimenunua mbili.

Fundi Dufie alikataza kutia kitu. Lakini alikuwa anazungumzia gari la rafiki.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimetia dawa alfajiri, Boatemaa akiwa bafuni. Kwenye mdomo wa chupa kulikuwa na kifuniko cha karatasi ya fedha, ile inayong'aa. Kimekataa kubanduka. Nimekitoboa kwa bisibisi, kimetumbukia na kwenda na dawa. Kitu kidogo tu.

Matokeo: ajabu. Nimeweka D, gari limeondoka kama linateleza juu ya siagi. Sikuhesabu hata moja. Nimempeleka Boatemaa sokoni na kumrudisha. Njiani tumekutana na Adomako, nimempungia mkono wa kulia, ule usio na kazi.

Usiku nimekula fufu na supu ya karanga, nikaomba niongezewe. Nyarkoa ameniambia leo naonekana kijana. Nimemwambia awe na amani, gari liko tayari saa yoyote. Ameniangalia, ameniangalia tena, akashika tumbo lake, akasema asante baba.

Jumamosi, 11 Novemba

Bado ni siagi. Nimewapa lifti majirani watatu kwenda msibani, wote wamevaa nyeusi, na njia nzima nimewaeleza utunzaji wa giaboksi. Wamenyamaza kwa heshima. Nadhani ilikuwa heshima.

Wakati wa kurudi kumetokea harufu ya maharage yaliyoungua. Nimesema kuna mtu jirani amesahau sufuria. Mzee mmoja kiti cha nyuma ameuliza mbona huyo jirani anatufuata hadi Tafo.

Jumapili, 12 Novemba

D haifanyi kitu. Hata nikihesabu hadi hamsini. Gia nyingine za mbele nazo hazifanyi kitu. Nimejaribu kurudi nyuma: gari limerudi vizuri kabisa, bila kelele, nikagonga ndoo ya kufulia.

Yaani lina nyuma lakini halina mbele.

Chupa ya pili nimetia. Hakuna mabadiliko. Nimemwambia Boatemaa nalipumzisha gari kwa sababu ni siku ya Bwana. Yeye ni mzee wa kanisa, hakuweza kupinga. Tumekwenda ibadani kwa miguu.

Nyarkoa alibaki nyumbani, miguu imevimba. Niliporudi amekaa barazani anatazama gari. Ameuliza, "Baba, gari ni zima?" Nimesema, "Si unaliona hapo." Amesema analiona. Kisha ameomba simu yangu, akaingia nayo ndani.

Sikulala mchana. Nimewaza lile tofali.

Jumatatu, 13 Novemba

Siku ndefu. Naandika nikiwa nimepakwa dawa ya misuli shingoni.

Gari lilipaswa kufika Suame. Kulivuta kwa kamba: halafu mtaa mzima uone. Basi nikaamua kwenda kwa gia iliyopo. Ni kilomita mbili na kidogo. Nikasubiri saa tatu, watoto wamekwisha kuingia shule, nikatoka uani kinyumenyume na kuendelea hivyohivyo.

Shingo inachoka haraka kuliko mtu anavyotarajia. Mama muuza kenkey, ule ugali wa mahindi uliochachushwa, ameniona nakuja kinyumenyume, nikasimama mbele yake kupumzisha shingo.

"Mzee, unaenda au unarudi?"

"Naenda."

"Haya, ukirudi tutakuona uso."

Kwenye njia panda askari wa barabarani amenisimamisha. Ameomba leseni, ameigeuza juu chini, chini juu. Ameuliza nina shida gani. Nimesema shida ni ya gari, mimi mwenyewe nataka kwenda mbele. Amefikiri. Amesema sheria anayoijua inaeleza kasi, haisemi dereva atazame wapi. Kisha amesimamisha magari pande zote mbili na kuniambia nipite haraka kabla mkubwa wake hajafika.

Baada ya hapo ndipo pikapu ya Adomako ilipotokea. Alikuwa anaelekea Suame kama mimi, lakini yeye kwa njia ya kawaida. Maana yake boneti yake ilitazamana na boneti yangu, na mimi kila nikigeuza shingo kuipumzisha namwona, kioo kwa kioo, amenitolea macho. Ni kazi ngumu kujifanya humwoni mtu mliyetazamana naye kilomita nzima. Mwishoni ameteremsha kioo.

"Shemeji! Unanikimbia?"

Nimesema najaribu vioo vya nyuma.

Hakucheka. Amewasha taa za tahadhari na kunifuata polepole hadi langoni kwa mafundi. Magari yote yamekaa nyuma yake, hakuna aliyenigonga. Nilidhani ananidhihaki.

Fundi Dufie alikuwa mlangoni. Amesema, "Rafiki yako amefika." Amefungua boneti, amevuta ile stiki ya kupimia oili, amenusa. "Umetia nini?" Nimesema kidogo tu. Amesema hakuuliza kiasi. Atafungua kesho asubuhi, leo ana mtu mbele yangu.

Adomako amenivuta pembeni. Amesema Boatemaa ni dada yake na Nyarkoa ni mtoto wake pia, niwaambie leo hii, yeye hatasema. Nimekubali. Kisha akaondoka, nami nikapata wazo.

Kwa nini nisubiri uchunguzi? Nikinunua giaboksi nyingine leo, kesho itafungwa, na keshokutwa hakuna aliyejua kitu. Nimezunguka kwenye vibanda vya vipuri. Muuzaji mmoja amenionyesha giaboksi safi, imepakwa rangi ya fedha. Ameapa imetoka Uholanzi, kwenye gari la daktari mzee aliyekuwa analitumia kwenda kanisani tu. Nimeipenda. Imeletwa kwa mkokoteni, watu wanne wakiisukuma. Hapo ningepaswa kutambua.

Fundi Dufie ameizunguka mara mbili.

"Nzuri sana," amesema. "Haina hata kutu. Ni ya lori la kubeba soda."

Niliporudi kwenye kile kibanda, kibanda kilikuwepo, muuzaji hakuwepo. Giaboksi imebaki kwa Fundi Dufie. Wateja wake wawili walikuwa wameshaikalia.

Nyumbani nimesema gari limekwenda kuoshwa. Nitawaambia kesho.

Jumanne, 14 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie asubuhi.

Saa mbili nilikuwa Suame. Gari liko juu ya jeki, Fundi Dufie yuko chini yake. Amefungua sinia la oili lililo chini ya giaboksi. Kilichomwagika kilikuwa cheusi kama kahawa ya msibani. Amechomoa chujio, amelipindua. Kisha ametoka chini ya gari akiwa ameshika kitu kwa vidole viwili.

Karatasi ya fedha. Ya chupa. Ilikuwa imejibandika kwenye mdomo wa chujio, sawasawa, kama imekatwa kwa kipimo.

"Hii ndiyo dawa?"

Nimesema ni sehemu ya dawa.

Amenieleza taratibu, kama mimi nilivyokuwa nawaeleza darasa la pili. Giaboksi hii hushika gia kwa nguvu ya oili. Oili yangu ilikuwa imechoka na kupungua, ndiyo maana ilikuwa inateleza. Kisha nikaiziba mdomo. Kidogo kilichopita kilitosha kushika gia ya nyuma, gia za mbele zikakosa. Nikamuuliza kama imekufa. Kwanza akamulika ndani kwa tochi, akapitisha kidole kwenye sinia kutafuta vipande vya chuma, akakitazama kidole kwenye jua.

"Haijafa," amesema. "Ilikuwa inakabwa koo."

Oili mpya, chujio jipya, asafishe njia, basi. Haihitaji kubadilishwa. Nimekaa juu ya giaboksi ya lori la soda. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu nistaafu.

Simu ikalia. Boatemaa. Chupa ya uzazi imepasuka. Karibu wiki moja kabla ya siku yake. Niko wapi, na huko wanakoosha gari wanaliosha kwa kijiko?

Nimetazama gari. Tumbo liko wazi, oili inadondoka. Nikasema kweli. Yote. Karatasi ya fedha, kinyumenyume, lori la soda. Kisha Boatemaa akaita jina langu tu, "Dapaah," kwa sauti ndogo ambayo sitaki kuisikia tena.

Halafu akasema Adomako yuko mlangoni. Amekuwepo tangu saa mbili, pikapu imetazama barabarani, amesema anamsubiri mtu wa mabati. Wameshampakia Nyarkoa. Nikutane nao hospitali.

Fundi Dufie alikuwa amesikia. Amenirushia funguo za pikapu yake. Nimezidaka, nimeingia, nimeona fimbo ya gia na pedali tatu. Nimeteremka. Nikamwambia sijui kuendesha gia za mkono. Sijawahi kujua. Miaka yote hii nilisema sipendi.

Amechukua funguo, ameketi yeye, ameniendesha mimi. Anabadilisha gia bila kutazama. Kile kilima cha shule ya wasichana amekipanda kama hakipo.

Hospitali nimemkuta Adomako kwenye benchi. Nimekaa kando yake. Nilimngoja aseme jambo kuhusu gia. Hakusema. Hilo lilikuwa baya kuliko yote. Mwishowe nikasema mimi mwenyewe: nilimwahidi mtoto kwamba safari hii hatasubiri gari la mtu.

"Na hakusubiri," amesema. "Dakika tatu tulikuwa barabarani. Aliyeshika usukani ana maana gani, shemeji? Mtoto kafika."

Tukakaa. Saa saba na robo Boatemaa ametoka, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande, analia. Nilisimama nikakaa nikasimama. Akasema ni msichana. Wote wawili wazima. Mtoto ana sauti ya kuuzia samaki.

Abena, basi, kwa kuwa kwetu msichana wa Jumanne huitwa hivyo. Mimi nililia bila kujificha. Adomako amenipa kitambaa chake, kinanuka dizeli, nikajifuta nacho uso wote.

Nyarkoa alikuwa amechoka lakini anatabasamu, mtoto kifuani. Ameuliza gari liliharibika tangu lini. Nikamweleza. Nilipofika kwenye ramani ya miteremko alicheka hadi muuguzi akamwomba apunguze, atajiumiza.

"Baba, mimi nilikuwa najua," amesema. "Nilikuwa nakusikia kila asubuhi ukihesabu. Jumapili nikampigia mjomba nikamwambia asiende mbali, na akutazame usije ukaumia."

Kwa hiyo jana hakuwa anapita tu. Nimetoka nje kumtafuta Adomako nimshukuru. Nimemkuta amelala ndani ya pikapu, mdomo wazi. Nimemfungia mlango taratibu.

Nimechelewa sana kuogopa. Sasa hofu ndiyo imekuja, imekuja na raha.

Alhamisi, 16 Novemba

Nyarkoa na Abena wamerudi nyumbani. Gari nalo limerudi. Nimeweka D, limeondoka. Kimya. Nikarudia mara sita hapo uani, mbele nyuma mbele nyuma, hadi Boatemaa akatoka kuuliza nimepatwa na nini.

Fundi Dufie ameandika kwenye karatasi tarehe ya kubadilisha oili tena na amenitaka niisome mbele yake kwa sauti. Akaongeza kwamba nisitie kitu cha chupa. Nimekubali kwa moyo wote. Nikitia tena, nitaiondoa karatasi ya fedha kwanza.

Adomako amejitolea kunifundisha gia za mkono. Nimemwambia nitafikiria. Boatemaa anaongea nami tena, sentensi fupifupi, lakini jana aliniwekea kipande kikubwa cha samaki.

Jumapili, 19 Novemba

Jumanne tunamtoa Abena nje kumpa jina rasmi. Baba yake amepewa ruhusa, anafika kesho. Watu kama themanini. Kutakuwa na muziki, na umeme siku hizi haueleweki. Adomako amesema atatuletea jenereta yake. Nimemshukuru, nimemwambia asisumbuke, babu wa mtoto ameshashughulikia.

Nimeshughulikia kweli. Kuna bwana mmoja nyuma ya kanisa aliyekuwa anauza jenereta yake, haraka, anahama. Imara, nzito, haitikisiki. Kasoro yake ni moja tu, naye amenieleza waziwazi kama mwungwana: ikiwaka, haizimiki.

Nimeitazama. Ni swichi tu. Au waya. Nimeificha stoo nyuma ya magunia ya mahindi na nimekwisha kununua bisibisi mpya. Nitaitengeneza kesho asubuhi, Boatemaa akienda sokoni. Hakuna haja ya kumwambia mtu.

Nimeiwasha kidogo kuijaribu. Bado inaunguruma, vizuri sana. Boatemaa ameuliza ni sauti ya nini. Nimesema ni ya jirani.